Louis Braille na Nukta Sita

Ukipita Keko, katika Wilaya ya Temeke jijini Dar es Salaam, utawakuta mafundi wa samani kazini tangu asubuhi. Kando ya barabara yamepangwa makochi, vitanda, makabati na viti, na kutoka nyuma yake husikika sauti za misumeno na nyundo. Huyu anapiga randa ubao, yule anavuta kitambaa juu ya sponji na kukipigilia kwa misumari midogo. Fundi anayeshona ngozi huwa na chombo chake maalumu, chuma chembamba chenye ncha kali, kilichotiwa mpini wa mti. Chombo hicho huitwa msharasi. Kazi yake ni kutoboa ngozi ili sindano na uzi vipate kupita.

Bila shaka umepata kuwaona watoto wadogo wakicheza katika maranda ya mbao karibu na mafundi. Pengine wewe mwenyewe ulilelewa hivyo. Mtoto hupenda kumwiga baba yake, na mara fundi anapogeuka kuzungumza na mteja, mkono mdogo huwa umekwisha kushika chombo.

Katika somo hili utasoma habari za mtoto aliyeshika chombo cha namna hiyo zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Kilimnyima macho yake yote mawili. Baadaye alishika chombo kingine kilichofanana nacho sana, akakitumia kutunga mwandiko ambao hata kompyuta za leo hazikuhitaji kuubadili ili kuuhifadhi.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari, 1809, katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, yapata kilomita 40 mashariki ya mji wa Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko na hatamu za farasi. Wakati huo watu na mizigo vilisafirishwa kwa farasi, kwa hiyo fundi wa aina hiyo hakukosa kazi. Mama yake aliitwa Monique. Louis alikuwa kitindamimba katika watoto wao wanne.

Mwaka 1812, alipokuwa na umri wa miaka mitatu, Louis aliingia katika karakana ya baba yake, akachukua chombo chenye ncha na kujaribu kutoboa kipande cha ngozi. Wewe unajua kwamba ngozi ni ngumu, tena huteleza. Mtoto aliinamisha uso karibu na kazi yake na kukandamiza kwa nguvu zake zote. Chombo kikateleza na kumchoma jicho. Siku zile waganga walikuwa hawajafahamu kwamba vijidudu ndivyo vinavyooza vidonda, na dawa za kuviua zilikuwa bado. Jicho lilivimba, na maradhi yakaenea hata jicho la pili. Alipotimiza miaka mitano Louis alikuwa haoni kabisa.

Katika nchi nyingi za wakati huo, mtoto kipofu wa familia isiyo tajiri aliishia kuwa ombaomba. Wazazi wa Louis hawakukubali. Baba yake alimchongea fimbo ya kumwongoza njiani. Husimuliwa pia kwamba alimpigilia misumari katika ubao, akiipanga kwa maumbo ya herufi ili mtoto azipapase. Kisha wakampeleka katika shule ya kijiji kukaa pamoja na watoto wanaoona. Louis alisikiliza masomo na kuyashika moyoni, akawa miongoni mwa wanafunzi bora. Lakini wenzake walipoinama kusoma na kuandika, yeye alikaa mikono mitupu.

Mwezi wa Februari mwaka 1819, akiwa na miaka kumi, alipelekwa Paris katika shule ya watoto vipofu. Shule hiyo iliasisiwa mwaka 1785 na Valentin Haüy. Humo mlikuwamo vitabu vya kusomwa kwa vidole. Herufi za kawaida zilichapwa kwa ukubwa na kwa kukandamizwa sana hata zikainuka juu ya karatasi. Mwanafunzi alipapasa kila herufi kuzunguka umbo lake, moja baada ya nyingine, mpaka alipofika mwisho wa neno mwanzo wake ulikuwa karibu kusahauliwa. Vitabu vyenyewe vilikuwa vizito na vichache.

Kulikuwa na upungufu mwingine mkubwa zaidi. Njia hiyo ilifaa kusoma tu. Kipofu hakuweza kukaa peke yake, akaandika jambo, kisha kesho yake akalisoma. Fikiri maisha yako yangekuwaje kama usingeweza kuandika hesabu ya fedha uliyokopesha, wala kumpelekea mama yako barua ya siri.

Mwaka 1821 shule ililetewa habari za mwandiko mpya. Uliutungwa na Charles Barbier, ambaye alikuwa afisa wa jeshi. Barbier hakutumia maumbo ya herufi. Alitumia nukta zilizoinuliwa kwa kukandamiza karatasi kwa chuma chenye ncha. Kidole kilizitambua nukta upesi kuliko mistari iliyopinda, na zaidi ya hayo kipofu aliweza kuziandika kwa mkono wake mwenyewe.

Hebu tuchunguze jinsi mwandiko huo ulivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye elimu. Barbier alizipanga sauti 36 za lugha ya Kifaransa katika jedwali la mistari sita, kila mstari sauti sita. Ili kuandika sauti moja ulitoboa nukta katika safu mbili zilizosimama. Idadi ya nukta za safu ya kushoto ilitaja mstari wa jedwali, na idadi ya nukta za safu ya kulia ilitaja mahali pa sauti katika mstari huo. Basi sauti ya mstari wa tano, mahali pa sita, ilihitaji nukta tano kushoto na nukta sita kulia. Hizo ni nukta 11 kwa sauti moja tu! Ncha ya kidole haikuweza kuzifunika zote kwa mguso mmoja. Tena mwandiko ulifuata sauti bila kujali tahajia, na haukuwa na alama za nukta na mkato.

Louis alikuwa na miaka 12. Aliufurahia mwandiko huo, akaona na kasoro zake. Kwa muda wa miaka mitatu alitumia nafasi zake za mapumziko, na likizo zake kijijini Coupvray, kutoboa karatasi, kupapasa, kufuta na kuanza upya. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa amekwisha kuutunga mwandiko wake.

Aliubadili mwandiko wa Barbier katika jambo moja lililogeuza yote. Barbier alihesabu nukta ni ngapi. Louis aliuliza nukta ziko wapi. Alichukua kijumba kidogo chenye nafasi sita tu, kinachotoshea chini ya ncha ya kidole. Sisi leo huzihesabu nafasi hizo hivi:

1   4
2   5
3   6

Kila nafasi ina hali mbili tu. Ama ina nundu, ama ni bapa. Hakuna hali ya tatu. Nundu moja katika nafasi ya 1 ni herufi A. Nundu hiyo hiyo ikishuka nafasi ya 2 huwa alama ya mkato. Idadi ni moja, lakini mahali ni tofauti, na maana ni tofauti.

Sasa fanya hesabu. Nafasi moja inakupa alama mbili. Ukiongeza nafasi ya pili, kila moja ya alama hizo inaweza kufuatwa na nundu au na bapa, kwa hiyo unapata alama 4. Nafasi tatu hutoa 8, nne hutoa 16, tano hutoa 32, na sita hutoa 64. Moja kati ya hizo 64 ni kijumba kitupu kisicho na nundu hata moja, nacho hutumika kutenga neno na neno. Zinabaki 63. Barbier kwa nafasi zake 12 alipata alama 36. Louis kwa nafasi 6 alipata 63, na kidole hakikuhitaji kusogea juu wala chini.

Herufi alizipanga kwa utaratibu unaoweza kuushika kwa siku moja. Kumi za kwanza hutumia nafasi nne za juu pekee: A ni 1, B ni 1 na 2, C ni 1 na 4, D ni 1, 4 na 5, E ni 1 na 5, F ni 1, 2 na 4, G ni 1, 2, 4 na 5, H ni 1, 2 na 5, I ni 2 na 4, J ni 2, 4 na 5. Kumi zinazofuata, tangu K hadi T, ni zile zile kwa kuongezwa nundu ya nafasi ya 3. Kwa hiyo K ni A iliyoongezwa 3, L ni B iliyoongezwa 3, na kuendelea hivyo. Kisha U, V, X, Y na Z ni herufi tano za kwanza kwa kuongezwa 3 na 6 pamoja.

Umeona kwamba W haimo? Kifaransa cha siku hizo hakikuihitaji. Iliongezwa baadaye kwa ajili ya lugha nyingine, ikapewa nafasi 2, 4, 5 na 6, nje ya utaratibu wote. Sisi tunaosema wewe, watu na wanawake tunaihitaji kila saa, na kila mtoto kipofu anayeandika Kiswahili hujifunza W peke yake, kama mgeni aliyechelewa kufika karamuni.

Jaribu mwenyewe. Usichukue msharasi wala sindano. Umekwisha kusoma yaliyompata Louis. Tafuta kalamu ya wino iliyokwisha, karatasi nzito, na kipande cha sponji, ambacho Keko hakikosekani. Weka karatasi juu ya sponji, kisha kandamiza nukta za herufi I, yaani nafasi ya 2 na ya 4. Geuza karatasi upapase upande wa pili, ambako nundu zimetokeza. Utashangaa. Badala ya 2 na 4 umepata 1 na 5, nayo ni herufi E! Kushoto kumekuwa kulia. Kwa sababu hiyo mtu anayeandika nukta nundu kwa mkono huanza kulia na kwenda kushoto, akiigeuza kila herufi, ili karatasi ikigeuzwa isomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Mwandishi na msomaji lazima wapatane juu ya upande wa kuanzia. Wasipopatana, nundu zile zile huleta neno jingine au huleta upuuzi.

Mapatano mengine yanahusu namba. Louis hakuwa na alama za kutosha kuipa kila tarakimu yake peke yake. Alizitumia tena herufi A hadi J kuwa tarakimu 1 hadi 9 na 0. Leo, ili msomaji asichanganyikiwe, mwandishi hutanguliza alama ya namba, yenye nundu za nafasi 3, 4, 5 na 6. Kidole kikiigusa alama hiyo, akili hujua kwamba A inayofuata ni 1, na J ni 0. Hali kadhalika muziki. Louis alikuwa mpiga kinanda hodari, na tangu mwaka 1834 alipiga kinanda katika kanisa moja mjini Paris. Alizifanya alama zile zile 63 ziandike pia sauti za muziki. Nundu zenyewe hazijui kama ni herufi, namba au wimbo. Anayejua ni msomaji aliyeambiwa.

Kitabu chake cha kueleza mwandiko kilitoka mwaka 1829. Ndani yake alikiri wazi kwamba wazo la kwanza alilipata kwa Barbier. Mwaka 1833 aliajiriwa kuwa mwalimu kamili katika shule ile ile aliyosoma. Mwaka 1837 shule ilitoa kitabu cha historia ya Ufaransa kilichochapwa kwa nukta zake.

Usidhani kwamba watu wote walimshangilia. Walimu wengi walikuwa wanaona, na mwandiko wasioweza kuusoma kwa macho uliwatia mashaka. Walisema kwamba vipofu wakiwa na herufi zao watatengwa na watu wengine. Mkurugenzi mpya alipoingia mwaka 1840, aliukataza mwandiko huo shuleni. Wanafunzi waliendelea kuutumia kwa siri, wakipelekeana barua na kunakili masomo yao. Si rahisi kumnyang'anya mtu kalamu akisha kujua ladha ya kuandika. Mwaka 1844, jengo jipya la shule lilipofunguliwa, wanafunzi walionyesha mbele ya wageni jinsi walivyoweza kuandika maneno waliyosomewa na kuyasoma tena bila kosa. Katazo likaisha.

Naye Louis hakuudharau wasiwasi wa wanaoona. Mwaka 1839 alikuwa ametangaza njia nyingine, ya kuunda maumbo ya herufi za kawaida kwa nukta nyingi, ili kipofu aweze kumwandikia barua ndugu yake anayeona.

Afya yake ilikuwa imeharibika zamani. Tangu umri wa miaka 26 hivi alisumbuliwa na kifua kikuu, ambacho wakati huo hakikuwa na tiba. Alifariki dunia tarehe 6 Januari, 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Miaka miwili baadaye, mwaka 1854, mwandiko wake ulikubaliwa rasmi nchini Ufaransa. Mwaka 1878 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris uliuchagua uwe mwandiko wa vipofu wa nchi nyingi. Mwaka 1952, miaka mia moja baada ya kifo chake, mwili wake ulihamishwa kutoka Coupvray na kuzikwa Paris pamoja na mashujaa wa Ufaransa. Mikono yake iliachwa kijijini.

Kwetu mwandiko huo huitwa nukta nundu. Katika shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1950, na katika Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam, watoto wameusoma kwa miaka mingi, na Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za mitihani za nukta nundu. Ukipata nafasi ya kutembelea shule kama hizo, omba uonyeshwe mashine yenye vitufe sita, kimoja kwa kila nukta. Mwandikaji hubonyeza pamoja vitufe vya herufi nzima, na kwa mashine hiyo nundu hutokea upande wa juu, kwa hiyo hahitaji kugeuza chochote.

Sasa tazama jambo ambalo Louis hakuishi kuliona. Kompyuta, nayo, haioni wino. Ndani yake hamna herufi wala picha. Mna vijisehemu vidogo sana, na kila kimoja kina hali mbili tu: kina chaji ya umeme au hakina, kimesumakishwa upande huu au upande ule. Hali moja tunaiandika 1 na nyingine 0. Kijisehemu kimoja cha habari namna hiyo huitwa biti. Biti nane zikiwekwa pamoja huitwa baiti. Bila shaka umekwisha kuona. Nundu ni 1, bapa ni 0. Kijumba cha Louis ni biti sita, kilichoandikwa karatasini kabla kompyuta yoyote ya umeme haijaundwa.

Kwa kuwa baiti ina biti nane, wataalamu waliongeza nafasi mbili chini ya kijumba, ya 7 na ya 8, kwa kazi za kompyuta. Kijumba chenye nafasi nane hutoa alama 256, sawa kabisa na baiti moja. Kila nafasi ilipewa thamani yake. Nafasi ya 1 ina thamani 1, ya 2 ina 2, ya 3 ina 4, ya 4 ina 8, ya 5 ina 16, ya 6 ina 32, ya 7 ina 64, na ya 8 ina 128. Thamani huongezeka maradufu kila hatua, kama ulivyoona katika hesabu yetu ya awali. Ili kupata namba ya herufi, jumlisha thamani za nundu zake.

Tuandike neno KITI, maana tumetoka Keko. K ni nukta 1 na 3, thamani 1 na 4, jumla 5. I ni nukta 2 na 4, thamani 2 na 8, jumla 10. T ni nukta 2, 3, 4 na 5, thamani 2, 4, 8 na 16, jumla 30. Basi neno KITI ni baiti nne: 5, 10, 30, 10.

Mtu anayetaka baiti hizo zihifadhiwe hutunga programu fupi. Programu hufungua faili, yaani huiambia kompyuta itenge mahali na kupapa jina. Huandika baiti zile nne, moja baada ya moja kwa mpangilio wake. Kisha hulifunga faili. Baadaye programu nyingine hulifungua, huzisoma baiti kwa mpangilio ule ule, na kuzipeleka kwenye mashine inayotoboa karatasi, au kwenye kifaa chenye vipini vidogo vinavyoinuka na kushuka chini ya vidole vya msomaji.

Lakini iko hatari, nayo inafanana na ile ya alama ya namba. Wakati wa kufungua faili, mtunga programu lazima aseme kama anaandika maandishi ya kawaida au anaandika baiti zibaki kama zilivyo. Akisema ni maandishi, kompyuta hujiona ina ruhusa ya kumsaidia. Katika maandishi ya kawaida, namba 10 si herufi I ya nukta nundu. Ni amri ya kuanza mstari mpya. Katika mashine za kuchapa za zamani amri hiyo ilikuwa mbili. Namba 13 ilirudisha kichwa cha kuchapa mwanzo wa mstari, na namba 10 ilisogeza karatasi. Mfumo wa kompyuta uitwao Windows umerithi desturi hiyo. Kwa hiyo katika lugha kadhaa za programu, faili likifunguliwa kama maandishi kwenye Windows, kila baiti ya 10 inayoandikwa hutanguliziwa 13 kimyakimya.

Angalia matokeo yake. Tuliandika 5, 10, 30, 10. Katika faili zimo 5, 13, 10, 30, 13, 10. Sasa 13 ni thamani ya 1, 4 na 8, yaani nukta 1, 3 na 4, nayo ni herufi M. Kipofu anayesoma kwa vidole hatapata KITI. Atapata KMITMI! Programu haikulalamika, wala kompyuta haikuharibika. Ilifanya kazi halali kwa mtu aliyeipa habari isiyo ya kweli. Mtunga programu akisema tangu mwanzo kwamba baiti ziandikwe kama zilivyo, baiti nne huingia na baiti nne hutoka.

Mtu anayeona huweza kukisia, akicheka, kwamba KMITMI ni kiti. Lakini kama faili lilikuwa na kipimo cha dawa, au namba za mtihani wa mwanafunzi, hakuna wa kukisia.

Kazi ya kufanya. Fundi mmoja asiyeona amepelekewa jina la samani anayotakiwa kutengeneza. Aliyeandika faili alisahau kuiambia kompyuta ya Windows kwamba baiti zibaki kama zilivyo. Faili limefika hivi: 5, 1, 3, 1, 30, 13, 10. Tafuta baiti ya ziada na uiondoe. Kisha zigawanye namba zilizobaki katika thamani za nukta, chora vijumba vyake kwenye daftari, na uandike jina la samani hiyo. Je, ungejuaje kwamba faili limeharibika kama usingeambiwa?